Kishikwambi au Mpakato: Tuiulize Kazi Kwanza

(Haya ni mazungumzo yaliyosomwa redioni wiki hii. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya ununuzi mmoja unaoumiza vichwa katika nyumba nyingi za wakulima na wafanyakazi wa kima cha chini. Mtoto amechaguliwa kwenda chuo. Fedha iliyopo ni kidogo, na nyingine haitapatikana mpaka mavuno yajayo. Je, anunuliwe kishikwambi kile chenye kibodi, kinachofanana na kompyuta ya mezani, au anunuliwe kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika?

Swali hili nililetewa na mzee mmoja wa Oldeani, wilayani Karatu, chini ya mlima ule ambao Wamasai waliupa jina la mianzi. Kwa bahati mbaya aliniletea baada ya kununua, si kabla.

Binti yake alikuwa amepata nafasi ya kusomea uhasibu. Mzee akauza ndama wawili na magunia kadhaa ya mbaazi, akapanda basi kwenda Arusha akiwa na shilingi 600,000 mfukoni. Katika duka la kwanza aliloingia, kijana muuzaji alimpokea kwa heshima zote. "Shikamoo mzee. Usihangaike na mitumba. Hiki ni kipya, na ni kompyuta kamili." Akafungua boksi. Ndani mlikuwa na kioo kinachong'aa, kibodi ndogo, kipanya, kalamu na mfuko wa ngozi. Kijana akagusa mahali fulani, na kioo kikageuka kikawa kama kompyuta ya ofisini, madirisha mawili matatu yakifunguka kwa pamoja. Mzee akalipa 550,000, akabaki na nauli na chakula cha njiani. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Katika wiki ya tatu chuoni, mwalimu aliwaambia wanafunzi waweke programu ya kutunza hesabu za biashara. Programu ile ilitengenezwa kwa mashine za Windows. Kishikwambi cha binti kinatumia Android. Haikuingia, wala isingeweza kuingia. Tangu siku hiyo binti akawa anasubiri wenzake walale ndipo aazime mashine ya mmoja wao. Zoezi la kwanza la vitendo alilikosa. Akampelekea baba yake ujumbe wa simu: "Baba, ulichoninunulia ni kizuri, ila hakifanyi kazi tunayopewa."

Ndugu msikilizaji, simlaumu mzee, na yule kijana simwiti mwizi. Chombo alichouza kilikuwa kizima. Kosa ni kwamba katika mazungumzo yao yote, hakuna aliyeuliza binti anakwenda kufanya kazi gani.

Tuelewane kwanza juu ya vyombo vyenyewe. Kishikwambi cha mtindo wa kompyuta ya mezani si ulaghai. Samsung walianza mwaka 2017 kuifanya simu yao ioneshe sura ya kompyuta inapounganishwa na kioo kikubwa, na mwaka uliofuata wakaupeleka mtindo huo kwenye vishikwambi. Apple nao waliruhusu iPad itumie kipanya kikamilifu mwaka 2020. Leo hata vishikwambi vya bei ya chini huuzwa pamoja na kibodi. Lakini sura ni jambo moja, na programu ni jambo jingine. Chumba ukikipaka rangi ya zahanati na kuweka benchi mlangoni, bado hujapata daktari. Kishikwambi cha Android kinabaki kuwa ndugu wa simu, na programu zinazoingia humo ni zile zilizotengenezwa kwa ajili ya ndugu hao.

Vipo pia vishikwambi vinavyotumia Windows yenyewe. Microsoft nao hutengeneza vyao, viitwavyo Surface. Vilivyo vizuri bei yake inamshinda mkulima, na vile vya bei ya chini mara nyingi vina kumbukumbu ndogo ya kufanyia kazi, hivyo hukwama ukifungua mambo mawili kwa pamoja. Mshika mbili, moja humponyoka.

Sasa mwenye fedha kidogo aamue vipi? Mimi naona kuna maswali matatu, na yaulizwe nyumbani kabla ya kupanda basi.

Swali la kwanza ni la kazi. Chukua karatasi, uandike mikono ya mtumiaji itafanya nini tangu Jumatatu hadi Jumamosi. Ikiwa ni kusoma vitabu, kutazama masomo ya video, kupiga picha, kujaza fomu na kutembea nayo shambani, kishikwambi kinatosha, na pengine kinafaa kuliko mpakato. Ushahidi tunao. Katika Sensa ya Agosti 23, 2022, makarani wetu walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na vishikwambi, na ndivyo tulivyojua kwamba tulikuwa watu 61,741,120. Baada ya Sensa vikagawiwa walimu. Vilifaa kwa sababu kazi ya karani ni kutembea, kuuliza, kugusa jibu na kuhifadhi. Hakuna karani aliyeombwa kuandika ripoti ya kurasa 60 akiwa amesimama uani kwa mtu.

Lakini ikiwa kazi ni kuandika maandishi marefu, kukokotoa hesabu katika majedwali makubwa, kuchora ramani za majengo au kutumia programu za uhasibu na takwimu, hapo mpakato haina mpinzani. Programu kama Tally na SPSS haziingii kwenye Android. Excel ipo humo, lakini ni pungufu. Haiendeshi zile amri za kujiendesha ambazo ofisi nyingi zimezoea kuziweka katika majedwali yao. Kwa hiyo kabla ya kununua, mwanafunzi apige simu chuoni, au awaulize waliomtangulia: programu gani zinatumika, na zinataka mashine gani? Kuuliza si ujinga, na simu hiyo haizidi bei ya soda.

Swali la pili ni la umeme, na hapa lazima nikitendee haki kishikwambi. Wako wengi wanaotegemea sola, na Oldeani kuna asubuhi ambazo ukungu haupandi mpaka saa nne. Kishikwambi cha kawaida hujaa kwa umeme wa wati-saa 30 hivi, na hujazwa kwa chaja ndogo kama ya simu. Mpakato hutaka 40 hadi 60 kujaa, na chaja yake ni ya wati 45 hadi 65. Paneli ya wati 50, siku ya jua zuri, inaweza kukusanya kama wati-saa 200, na humo mnatoka taa, redio na simu za nyumba nzima. Kishikwambi kitapata haki yake bila ugomvi. Mpakato nayo itapata, ila siku za ukungu mtagombana nayo. Tena, mpakato nyingi zina feni inayovuta hewa, na vumbi letu jekundu la kiangazi huingia humo. Kishikwambi hakina feni. Mwenye kukaa chuoni mjini, penye umeme wa gridi, hoja hii haimhusu sana. Mwenye kufanyia kazi shambani inamhusu sana.

Swali la tatu ni la ufundi, na hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Watu wa Oldeani hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwa sababu wamelima na trekta miaka mingi. Mkulima mwenye akili hanunui trekta kwa kuangalia rangi. Huuliza: spea zake zinapatikana Karatu? Fundi anaijua? Ikifa katikati ya msimu, itasimama siku ngapi? Basi, ndugu msikilizaji, kwa nini tukifika kwenye kompyuta tunasahau akili yetu ya trekta?

Mpakato ya ofisini iliyotumika, hasa zile imara zilizotengenezwa kwa ajili ya makampuni, hufunguka kwa bisibisi. Betri ikichoka unaweka nyingine. Kibodi ikifa inabadilishwa. Diski hubadilishwa, na katika nyingi kumbukumbu pia huongezwa. Kishikwambi kimebandikwa kwa gundi. Kioo chake kikipasuka, mara nyingi bei ya kioo kipya inakaribia bei ya chombo kizima, kama kioo chenyewe kitapatikana. Betri yake ikichoka, fundi lazima akibandue kwa moto, na wengi huvunja kioo wakitafuta betri. Chombo kipya kisichofunguka kinaweza kudumu miaka michache kuliko cha mtumba kinachofunguka.

Lakini nisije nikaeleweka kwamba kila mpakato ya mtumba ni mali. Sokoni kuna vyuma chakavu vilivyofutwa vumbi. Kwa hiyo ukinunua, fanya haya.

Iwashe mwenyewe, uizime, uiwashe tena. Ikidai neno la siri ambalo muuzaji halijui, iache hapo hapo. Pengine bado imefungwa na kampuni iliyokuwa nayo ng'ambo. Itoe kwenye chaja, uitumie dukani kwa nusu saa ukiangalia betri inashuka kwa kasi gani. Bonyeza kila herufi ya kibodi. Ingiza flashi kila tundu. Fungua kamera, sikiliza spika, unganisha na intaneti. Tazama kumbukumbu isiwe chini ya GB 8, na diski iwe ya SSD, ambayo haina kisahani kinachozunguka ndani.

Kisha uliza kizazi cha prosesa. Microsoft walikoma kutoa marekebisho ya bure ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025. Windows 11 nayo, kwa mashine za Intel, inataka kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 au baada yake. Mpakato ya kizazi cha 4 inaweza kuwa bei ya kutupa, na sababu ndiyo hiyo. Unaweza kuiwekea Linux, ambayo ni ya bure na nyepesi, ikakufaa kwa kuandika na kusoma. Lakini ukiwa na programu ya uhasibu inayodai Windows, umerudi kule kule alikokwama binti yetu.

Na kwa yule ambaye kazi yake inataka kishikwambi, naye asilale. Namba zilizoandikwa kwenye boksi azitilie shaka. Baadhi ya wauzaji huandika kumbukumbu "8+8" ili mnunuzi asome 16, kumbe hizo 8 za pili zimeazimwa kutoka kwenye sehemu ya kuhifadhia mafaili, na kasi yake si ile. Kama kina laini ya simu, abonyeze *#06# apate namba ya IMEI, aitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili ajue kama ni halali. Tunakumbuka Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchini. Waliokuwa wamenunua kwa kuvutiwa na bei walibaki na vioo vya kujitazamia.

Tena tusidhani kwamba kununua mashine kabla ya kujipanga ni kosa la mkulima peke yake. Kompyuta ya kwanza katika nchi yetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Zikafuata nyingine, na matatizo ya kuziendesha yakafuata, mojawapo likiwa uhaba wa wataalamu wetu wenyewe. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mashine haikuwa na dhambi. Ilitangulia kufika kabla ya watu wa kuihudumia. Ikiwa taifa zima liliweza kujifunza kwa gharama, familia ya ndama wawili ina haki ya kutahadharishwa mapema.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mwanafunzi wa chuo mwenye fedha kidogo, ambaye ataandika na kukokotoa, anunue mpakato ya mtumba iliyokaguliwa, na aende dukani na mtu anayejua. Anayesoma, anayerekodi na anayetembea, hasa penye umeme wa shida, anunue kishikwambi, na kibodi iwe nyongeza tu. Na ambaye bado hajui atafanya kazi gani, fedha yake ikae kwanza.

Yule mzee wa Oldeani aliuza tena. Safari hii ilikuwa fedha aliyoitenga kwa mbegu na mbolea, na msimu ule alilima nusu ya shamba. Binti akapata mpakato ya mtumba, nzito, yenye mikwaruzo mgongoni. Zoezi lile amelirudia, na anaendelea na masomo.

Na kishikwambi? Kilirudi nyumbani. Mzee ni katibu wa kikundi cha wakulima wenzake, na siku hizi anakwenda nacho kwenye mizani. Anaandika jina, anaandika kilo, anapiga picha ya gunia, na jioni anakijaza kwa sola ya nyumbani. Mabishano ya daftari lililolowa mvua yamekwisha. Ni chombo kile kile, ndugu msikilizaji, na sasa kimepewa kazi yake. Lakini ile nusu ya shamba isiyolimwa, mzee ananiambia, bado anaiona kila asubuhi akifungua mlango.