Daftari la Wapiga Kelele

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa washiriki)



Katibu alipotuandikia barua akitutaka tuseme machache juu ya uraia mwema, tulishikwa na wasiwasi, kwa kuwa maneno hayo yamesemwa mara nyingi hata yamechakaa, nasi hatupendi kuwachosha watu waliotoka kazini jioni hali hawajanywa hata chai. Basi tumeona heri tuuache uraia wa majukwaani, tuseme habari za chumba kimoja tu, nacho ni chumba cha Darasa la Nne, tangu Jumatatu asubuhi mpaka Ijumaa alasiri.

Wala msidhani kwamba tumetoka nje ya kazi zetu. Wazee wetu waliounda chama cha watumishi wa Serikali Waafrika huko Tanga mwaka 1922, Bwana Martin Kayamba akiwaongoza, walikuwa watu wa kalamu. Na Tanga yenyewe ilikuwa na shule ya Serikali tangu zama za Wajerumani, shule ambayo watu wake waliajiriwa kuwa makarani, waalimu na maakida. Tangu siku zile darasa na ofisi ni ndugu. Apimwaye kwa daftari akiwa mtoto, ndiye awapimaye wengine kwa daftari akiwa mtu mzima.

Juma la shule twalijua sote. Jumatatu watoto husimama mistari, bendera hupandishwa, wimbo wa Taifa huimbwa, na mwalimu wa zamu hupita akikagua kucha, nywele na sare. Kisha huja zamu za kufagia, zamu za kuchota maji, vipindi vya hesabu na kusoma, kipindi cha dini, na Ijumaa jaribio na usafi wa mwisho wa juma. Somo lenyewe la uraia limebadilishwa jina mara kadha wa kadha. Wazee kati yetu walisoma Elimu ya Siasa. Wadogo zao wakasoma Uraia. Kisha ukaja Uraia na Maadili. Na katika mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 maadili yamefungwa pamoja na Historia ya Tanzania. Hatuna neno juu ya majina hayo. Walakini twasema kwamba somo lililotufunza uraia hasa, wema wake na ubaya wake, halikuwamo katika ratiba. Lilikuwa katika karatasi ndogo iitwayo orodha ya wapiga kelele.

Twaona wengine wanacheka. Nanyi mliiandika, au mliandikwa.

Mwalimu ana kazi ofisini, na watoto ni wengi. Akitoka humwambia kiranja, "Andika wapiga kelele." Basi kiranja husimama mbele na kipande cha karatasi, na darasa zima humtazama mkono. Hapo mtoto wa miaka kumi apewa mamlaka ambayo watu wazima hutahiniwa kabla ya kuyapata: mamlaka ya kuandika jina la mwenzake kwenye hati itakayoaminiwa bila ya kuulizwa. Hakuna rufani. Mwalimu akirudi husoma majina, na walioitwa husogea mbele.

Sisi tulikuwa kiranja wa namna hiyo, katika shule ambayo hatutaitaja. Tulikuwa na bei zetu, Mabibi na Mabwana, kama soko. Aliyetupa karanga jina lake lilifutwa. Aliyekuwa jirani yetu nyumbani hakuandikwa kabisa. Na palikuwa na msichana mmoja, mpole, hodari wa hesabu, ambaye Jumanne moja alikataa tusimnakili hesabu za kugawanya. Jumatano mwalimu alipotoka, yeye aliinama akisoma kitabu chake, hakufungua kinywa. Sisi tuliandika jina lake la kwanza kabisa, juu ya orodha, kwa mwandiko mzuri.

Alichapwa pamoja na wengine. Hakulia wala hakujitetea, maana kujitetea nako kulihesabiwa kuwa ni kelele. Ijumaa, wakati wa usafi, alitujia akiwa na ufagio mkononi akasema, "Kiranja, nionyeshe ile karatasi." Hakutaka kugombana, alitaka kuona tu jinsi alivyoandikwa. Tukamjibu kwamba karatasi imepotea. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumeichana siku ile ile.

Tumefanya kazi masijala miaka mingi sasa, na kila mara tunapomsikia karani akimwambia mzee aliyetoka kijijini kwamba jalada lake halionekani, twamkumbuka msichana yule na ufagio wake. Si kila jalada lisiloonekana limechanwa. Lakini twajua lugha ile ilianzia wapi kwetu sisi.

Sheria haikuwa upande wetu, ila wakati ule hatukuijua. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979, zilizorekebishwa mwaka 2002, zataka adhabu hiyo itolewe na mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Viboko visizidi vinne. Na kila mara iandikwe katika kitabu jina la mtoto, kosa lake na idadi ya viboko. Tazameni jambo hili kama makarani. Kitabu cha adhabu chataka kosa, nacho kipande cha karatasi cha kiranja hakina kosa, kina jina tu. Laiti mwalimu angelazimika kujaza kitabu kile mbele ya darasa, angeuliza, "Huyu alipiga kelele gani?" Na hapo sisi tungekwama.

Sasa tuseme habari iliyotufanya tukubali kuja hapa. Mpwa wetu ni mwalimu wa shule ya msingi, na majuzi alitualika tukae nyuma ya darasa lake siku ya Ijumaa. Ameikomesha orodha ya wapiga kelele. Mahali pake ameweka daftari moja la kawaida, lenye mistari, lililofungwa uzi na kutundikwa msumarini karibu na ubao, ambapo kila mtoto aweza kulifikia. Kila siku watoto wawili huandika humo, wala si mmoja. Nao hubadilishwa kila juma, ili asipatikane mwenye kiti cha kudumu. Huandika nani amefagia, nani hakuja na kwa sababu gani, chaki ngapi zimetumika, na fedha za ndoo ya maji zimeingia ngapi na kutoka ngapi. Jina la mtu likiandikwa kwa ubaya, sharti aonyeshwe siku ile ile, naye ana haki ya kuandika neno lake chini yake. Ijumaa, nusu saa ya mwisho, daftari husomwa kwa sauti tangu Jumatatu.

Tulidhani tutasinzia, maana mengi yaliyosomwa yalikuwa mambo ya fagio na chaki. Mtoto mmoja alikuwa ameandikwa kwamba amechelewa, na chini yake ameandika, "Nilimpeleka mdogo wangu zahanati." Darasa lilikubali, wakapita.

Kisha wakafika kwenye fedha. Mwekahazina alikuwa kijana mdogo wa umbo, shati lake limekosa kifungo. Akasema zilizomo katika kopo zimepungua shilingi 500. Watoto wakaanza kunong'ona, na macho yote yakamwelekea yeye, kwani ndiye ashikaye kopo. Tuliona mikono yake ikitetemeka. Mwenzake aliyeandika naye juma lile akainuka akasema, "Samahani, Mwalimu." Kisha akanyamaza. Mpwa wetu akamwambia aseme. Akasema, "Mwalimu, zimeandikwa hapa Jumatano. Ulizichukua wewe, ukasema ni za nauli, utazirudisha."

Bwana Mwenyekiti, palikuwa na kimya ambacho hatujapata kukisikia katika ofisi yoyote. Mpwa wetu alikwenda mpaka msumarini, akalishika daftari, akasoma mstari ule. Uso wake ulibadilika. Alikuwa amesahau kabisa. Akatoa shilingi 500 mfukoni, akazitia katika kopo, akaandika tarehe, akatia sahihi yake. Kisha akasema, "Endeleeni." Nao wakaendelea na habari za ufagio uliovunjika.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani twalijiuliza swali moja, nalo twaliweka mbele yenu bila ya haya. Ni wangapi kati yetu, tulio na vyeti na vyeo, tumepata kumwonyesha Bwana Mkubwa mstari ulioandikwa kwa mkono wetu, penye jina lake? Yule mtoto hakuwa shujaa kwa asili. Magoti yake yaligongana. Kilichomsimamisha ni kwamba jambo lilikuwa limeandikwa, mbele ya wawili, siku lilipotendeka, na daftari lilikuwa mahali ambapo halikuweza kuchanwa kwa siri. Kadhalika mwekahazina aliokoka kwa mstari ule ule. Bila huo angeitwa mwizi mpaka Darasa la Saba.

Liko jambo jingine ambalo mpwa wetu bado hajalifanya, nasi tumemshauri. Tangu ada ya shule za msingi ilipofutwa katika mpango ulioanza mwaka 2002, shule hupelekewa ruzuku, na shule zimetakiwa zibandike kwenye ubao wa matangazo fedha zilizopokelewa na matumizi yake. Watoto hupita mbele ya karatasi hiyo kila asubuhi. Kwa nini isiwe ndiyo hesabu ya kujumlisha na kutoa siku ya Alhamisi? Mwalimu mkuu mmoja tuliyemgusia neno hilo alikohoa sana. Hatumlaumu, hajazoea kukaguliwa na watu wa urefu ule.

Tusiseme mengi zaidi, taa zitazimwa. Wengi wenu mna watoto au wajukuu katika shule za karibu, na wengine mmo katika kamati za shule hizo. Tumekuja na madaftari sita, yenye jalada gumu na mistari, tuliyoyanunua kwa fedha zetu wenyewe wala si ya ofisi, na risiti yake tumempa Katibu. Yako juu ya meza karibu na mlango, pamoja na uzi. Misumari kila mtu atajitafutia. Atakayechukua moja aandike jina lake na jina la shule katika karatasi iliyo kando yake, na mwingine atie sahihi kuwa ameona.