Mazingira na Haki: Tujifunze kwa Kuulizana

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama, Chitete)



Nimeombwa nizungumzie elimu ya mazingira katika vyama vyetu. Elimu ni kanuni ya tano ya ushirika, na kuijali jamii ni ya saba. Kwa hiyo jambo hili si la pembeni. Neno langu ni moja: elimu ya mazingira isiyouliza nani anafaidika na nani anaumia si elimu, ni amri tu.

Mtindo tuliouzoea ni wa mtaalamu kusimama mbele na kusema, "Msikate miti, msilime ukingoni mwa mto." Wanachama hupiga makofi, kisha kila mmoja hurudi kwenye shughuli zake. Paulo Freire wa Brazili, aliyefika nchini mwetu mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliulinganisha ufundishaji huo na kuweka fedha benki: mwalimu huweka, mwanafunzi hupokea. Yeye alitaka wote wawili waichunguze hali yao pamoja, kisha waibadilishe.

Mfano wa karibu tunao. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi. Kwa majuma 12 walisikiliza redio, wakasoma vijitabu na kujadiliana. Kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Mjadala uliishia kwenye jembe.

Nasi tuunde vikundi vya namna hiyo. Katibu akusanye wanachama wasiozidi 15, wakiwemo wanawake, vijana na wanaolima kando ya mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini kiongozi wa kikundi asianze na sheria. Aanze na maswali: Mto Momba unatufaa nini? Nani analima ukingoni, na kwa nini hana shamba kwingine? Akiondoka, atakula nini? Udongo ukisombwa kuelekea Ziwa Rukwa, hasara ni ya nani? Mkaa unaochomwa kijijini na kutumiwa mjini, nani anabaki na faida, na nani anabaki na visiki?

Ndipo sheria isomwe, pamoja na kifungu cha 4 kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Hapo mkulima wa ukingoni ataona kwamba sheria inayomzuia ndiyo hiyo hiyo inayompa haki ya kudai maji safi.

Tujihadhari, mjadala usigeuke baraza la kumshtaki maskini. Kama tunamhoji mwenye robo eka, basi na chama kijihoji: makopo matupu ya dawa tulizowagawia wakulima yanatupwa wapi?

Mwisho, maazimio ya kikundi yaandikwe, yapelekwe mkutano mkuu, na yatengewe fungu katika makisio. Azimio lisilo na fungu ni maneno matupu. Nami nikija kukagua, pamoja na leja na stakabadhi nitaomba muhtasari wa kikundi, na nitauliza: baada ya kujadili, mlifanya nini?