NAIROBI ISEMWAYO NA NAIROBI ILIYOPO

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu, Voi)



Tumeombwa tuseme machache juu ya mji wa Nairobi, kwa kuwa tumesikia ya kwamba vijana watatu wa hapa wanataka kuukataa uhamisho, na wazee wao wanawaunga mkono. Wameambiwa kuwa huko mtu hukabwa koo mchana, na kwamba wageni wameupachika mji ule jina la Nairobbery, yaani Nairobi ya wanyang'anyi. Ndugu zetu, kukataa uhamisho ni kuiweka kazi rehani. Basi si haki kijana aiweke kazi yake rehani kwa maneno ya barazani. Sisi tulio kwenye treni tumelala Nairobi mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu, na haya ndiyo tunayoyajua.

Kwanza, wahenga walisema lisemwalo lipo. Hatuji hapa kuusafisha mji. Wezi wa mifukoni wapo, na ngeta ipo. Mambo makubwa ya kutisha pia yalitokea: bomu la tarehe 7 Agosti 1998 liliua watu zaidi ya 200, na shambulio la Westgate la Septemba 2013 liliua 67. Lakini jambo moja husahauliwa na wanaosimulia. Siku zile zote mbili wenyeji walipanga foleni ndefu kutoa damu yao wapewe watu wasiowajua, na wengine walichimba vifusi kwa mikono. Mji wa wanyang'anyi watupu haupangi foleni ya kutoa damu.

Pili, tazameni hesabu. Sensa ya mwaka 2019 ilipata Nairobi watu 4,397,073. Hebu simameni alfajiri katika stesheni ya zamani, mwone treni zikiingia kutoka Ruiru, Embakasi, Kikuyu na Syokimau. Watu wamejaa hata mlangoni. Ni makarani, mafundi, walinzi, akina mama wa sokoni na watoto wa shule. Kule Gikomba, marobota ya mitumba yanafunguliwa mapema asubuhi. Kule Kamukunji, mafundi wanagonga mabati tangu asubuhi hadi jioni, wakitengeneza masanduku na majiko mnayopikia ninyi wenyewe. Hao ndio Nairobi. Mwizi ni mmoja anayepita kati yao, nao humchukia kuliko sisi, kwa maana wao ndio anaowaibia kila siku.

Tatu, jina baya hupenda kuongezwa chumvi. Mfano ni Kibera, mtaa ulioanzia katika ardhi waliyokaa askari wa Kinubi wa K.A.R., na reli yetu inapita ndani yake. Kwa miaka mingi ulimwengu uliambiwa kwamba una watu milioni moja na zaidi. Sensa ya mwaka 2009 ikapata watu wapatao 170,000. Kama hesabu ya watu tu iliongezwa hivyo, je, hadithi za visu?

Nne, na hili ndilo zito kwetu watu wa chama. Jina baya la mji halilipwi na wezi, hulipwa na wafanya kazi. Tumewasikia vijana wa Mathare na Kibera wakisema kwamba wakienda kuomba kazi huulizwa wanakaa wapi, na wakijibu kweli, mlango hufungwa. Wengine huandika anwani ya mjomba aliye mtaa mwingine. Basi kila tunapokaa hapa Voi tukisema, "Wa kule wote ni wezi," tunamsaidia tajiri kumnyima kazi ndugu yetu.

Tena hofu ya kisu huficha taabu ya kweli. Mtu wa mtaa wa mabanda hununua maji kwa mtungi, na hesabu ikipigwa, hulipa zaidi kwa lita kuliko mwenye bomba nyumbani. Mvua ikinyesha, nauli ya matatu hupanda saa ile ile. Kodi ya chumba haimngojei mshahara. Mambo hayo ndiyo yatakayowasumbua ninyi vijana huko, wala si jambazi. Nayo hayashindwi kwa kukimbia, hushindwa kwa kusimama pamoja.

Kwa hiyo twawaomba mwende. Fedha zisikae mfuko wa nyuma. Usiku msipite njia msiyoijua pekee yenu. Mkipotea, ulizeni mama anayeuza chai au mboga kando ya njia, naye atawaonyesha, pengine akaacha biashara yake awasindikize hatua kumi. Msikae mbali na wenzenu wa kazi, na ingieni katika chama cha kuchangiana, maana Nairobi watu hufiwa na huzikana kwa mchango kama hapa kwetu.

Kamati imekubali jana kwamba kila mwanachama anayehamia atangojwa stesheni na mwenzake wa tawi la huko, naye atakaa kwake mpaka apate chumba. Majina yaandikwe kwa Katibu kabla ya Jumamosi. Nanyi wazee, watakaporudi likizo, waulizeni wao waliouona mji.

Umoja ni nguvu.