DNA Inavyojinakili

Wasikilizaji, seli inapogawanyika, DNA ya zamani huenda wapi?

DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana kama kamba. Herufi zake nne hushikana kwa jozi: A na T, G na C. Wakati wa kunakili, kimeng'enya kimoja hutenganisha nyuzi hizo. Kingine hujenga uzi mpya kwa kufuata kila uzi wa zamani, hivyo kila nakala hubaki na uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya.

Mwaka 1958, nchini Marekani, Matthew Meselson na Franklin Stahl walithibitisha jambo hilo kwa ustadi mkubwa. Walikuza bakteria katika nitrojeni nzito ili DNA yao iwe nzito, kisha wakawahamishia kwenye nitrojeni ya kawaida.

Baada ya kizazi kimoja, DNA yote ilikuwa na uzito wa kati. Kizazi cha pili, nusu yake ikawa nyepesi kabisa.