Mbwa Anayetii Hachanjwi kwa Kufukuzwa

Mazungumzo kwa wakazi katika baraza la wadi, kabla ya siku za chanjo ya mbwa



Malango mengi hapa Kenya yana kibao cha "Mbwa Kali". Walimu wa Kiswahili hukisahihisha kuwa "mbwa mkali", lakini ujumbe unaeleweka: mwizi asijaribu. Shida ni kwamba siku ya chanjo ikifika, ukali huo humgeukia mwenye boma. Mbwa hajawahi kufungwa kamba wala kushikwa shingoni. Familia nzima inamfukuza, anaingia kwenye mahindi, na jioni wahudumu wanaondoka na dawa yake ikiwa bado kwenye kasha la barafu. Mbwa huyo anabaki bila kinga, naye ndiye anayelala karibu na mlango wa jikoni, mahali watoto wanapocheza.

Kwa sababu hiyo, kumfundisha mbwa utiifu si anasa ya matajiri wa mjini. Ni sehemu ya vita dhidi ya kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huu huenezwa kwa mate ya mnyama aliyeambukizwa, hasa anapouma. Kati ya watu 100 wanaougua, karibu 99 huwa wameambukizwa na mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Lakini unazuilika. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kufikia mwaka 2030. Lengo hilo haliwezi kufikiwa ikiwa mbwa hawashikiki.

Mjini wapo wakufunzi wanaofundisha mbwa kwa malipo. Mwenye kutaka huduma hiyo amtafute mkufunzi anayedai kuona cheti cha chanjo kabla ya kumpokea mbwa, na asiyetumia kiboko. Wengine wote wanaweza kufanya kazi hiyo nyumbani. Vifaa ni kamba imara, ukanda wa shingoni usiokaba, na vipande vidogo vya chakula anachokipenda mbwa, kama omena au nyama.

Somo la kwanza ni kuja anapoitwa. Mbwa huitwa jina na neno "njoo", na akifika hupewa kipande papo hapo. Tuzo ikichelewa hata kwa sekunde chache, hajui amesifiwa kwa lipi. Akichelewa kuja, asipigwe anapofika, maana atajifunza kwamba kuja ni hatari.

Somo la pili ni kukaa. Kipande cha chakula hushikwa juu kidogo ya pua na kusogezwa nyuma polepole. Kichwa kikiinuka, makalio hushuka yenyewe. Hapo ndipo neno "kaa" hutamkwa na tuzo kutolewa.

Somo la tatu ni kuzoea kamba. Siku za kwanza mbwa avae ukanda tu. Kisha kamba ifungwe atembezwe ndani ya boma, na mwishowe njiani. Akivuta, mtu asimame. Kamba ikilegea, safari iendelee.

Somo la nne ni kuguswa, na ndilo linalosahaulika zaidi. Mbwa ashikwe masikio, miguu, mdomo na ngozi ya shingo kwa upole huku akipewa tuzo. Aliyezoea hivyo hatashtuka daktari wa mifugo anapomshika.

Somo la tano ni neno "acha". Mbwa anayeacha mfupa, kiatu au kuku anapoambiwa anaweza pia kuzuiwa kabla hajamrukia mgeni.

Kila zoezi lichukue dakika tano hadi kumi, mara mbili kwa siku. Watu wote wa nyumbani watumie maneno yale yale. Baba akisema "kaa", mama akisema "keti" na watoto wakisema "tulia", mbwa hatajua la kushika. Lugha yoyote inafaa, iwe Kiswahili, Kikamba au Kijaluo, mradi isibadilike.

Samaki mkunje angali mbichi. Wiki za mwanzo za maisha, hadi karibu miezi mitatu, ndizo ambazo mbwa mchanga huzoea watu, watoto, pikipiki na kelele kwa urahisi zaidi. Hata hivyo mbwa mzima hujifunza pia, ila kwa muda mrefu zaidi. Na wanaohofia kupoteza mlinzi watulize moyo. Mbwa aliyefundishwa bado hubweka usiku akisikia mgeni, ila hunyamaza mwenyewe anapomwambia. Anayefungwa mnyororo mchana kutwa na kupigwa huuma kwa hofu, na hofu haichagui kati ya mwizi na mtoto wa jirani.

Watoto nao wana somo lao. Wasimsumbue mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha. Wakikutana na mbwa wasiyemjua, wasikimbie wala kupiga kelele. Wasimame wima, mikono ikiwa chini, mpaka aondoke.

Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo na amalize sindano zote atakazopangiwa. Lisipakwe pilipili, mafuta wala majani. Mbwa aliyeuma, ikiwa anaweza kushikwa bila hatari, asiuawe kwa hasira. Afungiwe na achunguzwe kwa siku 10, na afisa wa mifugo ajulishwe. Hapa tena faida ya mafunzo inaonekana: mbwa aliyezoea kamba huweza kufungiwa na mwenyewe, naye asiyeizoea hutoweka kabla ya kuchunguzwa.

Mbwa huchanjwa anapofikisha miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Basi mwenye mbwa asisubiri asubuhi ya kampeni ndipo atafute kamba. Aanze leo jioni, kwa dakika tano, na neno moja: "njoo". Siku ya chanjo, mbwa huyo atafika kituoni akitembea kando ya mwenyewe, na watoto wa kijiji watakuwa na hatari moja pungufu.