Sarafu, Nishani na Kura ya Mwanamke



Haki huandikwa katika sheria, lakini sheria haielezi jasho lililoizaa. Jasho hilo hukaa katika vitu vidogo. Nitavitaja vichache vilivyosalia kutokana na mapambano ya wanawake wa Uingereza ya kudai kura.

Katika makumbusho ya British Museum, London, imo peni ya mwaka 1903. Juu ya kichwa cha Mfalme Edward wa Saba yamegongwa maneno ya kudai kura kwa wanawake. Kuharibu sarafu kulikuwa kosa la jinai. Lakini peni hupita mikononi mwa watu wote, hata wasiohudhuria mikutano.

Chama cha Emmeline Pankhurst, kilichoundwa mwaka 1903, kiliwatunukia nishani ya fedha, tangu mwaka 1909, wanachama waliogoma kula gerezani. Utepe wake ulikuwa zambarau, nyeupe na kijani, rangi za chama. Nishani za dola humsifu aliyeitumikia dola. Hii ilimsifu aliyefungwa na dola.

Wapinzani nao waliacha ushahidi. Mwaka 1908 wanawake wenyewe waliunda jumuiya ya kupinga kura ya wanawake, nayo ikawa na beji zake. Kadi za posta zilimchora mume akihangaika na watoto wanaolia, mke yuko mkutanoni. Wako wasemao takataka hizo zitupwe. Mimi siafiki. Tukizitupa, vijana watadhani haki ilikuja yenyewe, wala hawataitambua dhihaka ile ile ikirudi imevaa nguo mpya.

Vitu hivi sasa huuzwa minadani. Mwaka 2016 Te Papa, Makumbusho ya Taifa ya New Zealand, ilinunua nishani ya Frances Parker, mzaliwa wa nchi hiyo aliyefungwa Uingereza. Huo ni mfano mwema. Kilichofungiwa kabatini mwa tajiri humfurahisha mmoja. Kilichomo katika makumbusho hufundisha taifa.

Ndugu zangu, mwaka 1918 walipata kura wanawake wa Uingereza wenye umri wa miaka 30 na zaidi, tena kwa masharti ya mali. Usawa na wanaume ulifika mwaka 1928. Basi mwalimu asiishie kuandika miaka hiyo ubaoni. Aweke picha ya nishani kando ya kadi ya dhihaka, awaulize wanafunzi: kila upande uliogopa nini? Na mtunza ghala, kabla hajachoma masanduku ya zamani, ayafungue kwanza.