Bastola Iliyozungushwa Skochi: Mazungumzo na Familia Zilizokimbia na Viongozi wa Kambi



Tuliombwa kusema juu ya silaha ndogo ndogo kambini. Jambo hilo ni pana, na saa moja haitoshi. Basi tumechagua sehemu moja ambayo kila mtu anaweza kuitambua kwa macho yake: utepe wa gundi, ule tunaouita skochi, uliozungushwa kwenye mshikio wa bastola. Wengi wenu mmekwisha kuuona. Mara ni ule mweusi wa mafundi wa umeme, mara ni ule wa kufungia makartoni. Asiye na skochi hukata mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, akauzungusha na kuukaza.

Vijana wanatuuliza: skochi inatengeneza bastola? Tunaona ni vizuri kulijibu swali hilo kwa ukweli, bila kuwatisha watu kwa maneno matupu. Mshikio wa bastola nyingi una vibao viwili, vya mti au plastiki, vilivyokazwa kwa skurubu. Bastola ikizeeka, vibao hupasuka au hupotea, na chuma kinachobaki ni chembamba, kinateleza kwenye mkono wenye jasho au uliolowa mvua. Skochi inazuia huko kuteleza kwa muda. Hata katika nchi ambako watu wana ruhusa ya serikali na wanapiga shabaha kama mchezo, wako wanaobandika utepe wa kukwaruza kwenye mshikio. Hilo si siri, na si uongo.

Lakini wale wanabandika juu ya silaha nzima, iliyosafishwa na kukaguliwa. Ya kwetu imelala ndani ya gunia la mihogo, chini ya shitingi inayochemka mchana na kuvuja usiku. Gundi ikipata joto inalainika, utepe unaanza kutembea, na mkono unatembea pamoja nao. Maji yakiingia chini ya utepe hayatoki, na kutu inakula mahali ambapo mwenyewe haoni. Kwa hiyo jibu letu ni hili: skochi inatengeneza mkono, haitengenezi bastola. Mtu anashika vizuri zaidi kitu ambacho kimebaki kibovu vilevile, na sasa anakiamini.

Hapo ndipo hatari inaanza. Bastola nyingi zinazozunguka duniani ni za umri mkubwa. Ile ya Kirusi iitwayo Tokarev, iliyoanza kutengenezwa katika miaka ya 1930 na baadaye kuigwa China na penginepo, katika umbo lake la kwanza haina kabisa kitufe cha kufunga usalama. Ikiwa risasi imo ndani na chuma kimechakaa, kuanguka chini kunaweza kutosha. Zipo nyingine, kama ile Browning ya mwaka 1910 ya kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji, ambazo usalama wake uko nyuma ya mshikio: kipande cha chuma kinazuia risasi isitoke mpaka kiganja kikibonyeze. Mtu akikaza utepe juu ya kipande hicho, kinabaki kimebonyezwa usiku na mchana. Aliyezungusha skochi anadhani amekaza mshikio, kumbe ameondoa kizuizi kilichowekwa na fundi ili kuwalinda watoto wake mwenyewe.

Tena kuna jambo linaloua watu wengi kuliko hayo, nalo halina uhusiano na skochi. Mtu anatoa magazini, anaona haina kitu, anasema bastola ni tupu. Si kweli. Risasi moja inaweza kubaki ndani ya bomba, na bastola nyingi zinafyatuka hata magazini ikiwa nje. Tunaomba kila mama na kila mtoto mkubwa alishike neno hili: hakuna bastola tupu kwa mtu asiyeifahamu.

Ndiyo maana tunawaambia msifungue ule utepe. Tumesikia mara nyingi kiongozi akipewa silaha anataka kwanza aone kilicho chini yake: ni ya nani, ina namba gani. Ni kweli kwamba silaha za viwandani huchongwa namba kwenye chuma, na mara nyingine utepe unaficha namba hiyo kwa makusudi, ili isijulikane ilitoka katika ghala gani. Namba hizo zina kazi. Nchi za eneo letu, Kongo ikiwemo, zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 na kukubaliana kuchapa alama kwenye silaha na kuandika orodha zake. Lakini kusoma namba ni kazi ya waliofundishwa. Kazi ya prezidenti wa kambi ni kuhakikisha mtu yeyote haigusi.

Sasa tuseme juu ya yule mwenye bastola. Kwa maoni yetu viongozi wengi wanakosea hapa, kwa sababu wanamtazama kama jambazi kabla hawajamsikiliza. Bunduki iliyotupwa haizungushwi skochi. Anayetafuta utepe, akakaa chini, akauzungusha taratibu mpaka mkono ukaridhika, huyo anatazamia kuitumia. Basi muulizeni anatazamia usiku gani. Mara nyingi jibu analo tayari. Ni baba aliyekimbia mara tatu. Binti zake wanakwenda kutafuta kuni mbali, na wanarudi jioni. Watu wenye silaha waliingia katika safu ya jirani wakachukua mbuzi na simu. Hofu hiyo ni ya kweli, wala sisi hatuna ruhusa ya kuidharau, maana jioni tunarudi kulala ndani ya nyumba za matofali.

Lakini tuhesabu pamoja naye. Kipimo ambacho mashirika ya misaada yamejiwekea ni mita za mraba 3.5 za kulala kwa mtu mmoja. Familia ya watu sita ingepata mita 21, na wengi wenu mnajua kwamba hamjazipata. Ukuta ni shitingi. Jirani yuko hatua mbili. Risasi ya bastola haisimamishwi na shitingi, inapita hema hili na la pili na la tatu. Baba akifyatua gizani kumzuia mwizi, na mkono unateleza juu ya utepe uliolainika, nani anaweza kusema risasi itafika kwa nani? Na yule mwizi, akisikia mlio, atajibu kwa bunduki yenye risasi 30.

Liko jambo lingine ambalo halionekani upesi. Kambi inalindwa na sheria kwa sababu ni mahali pa raia. Mkataba wa Kampala, uliopitishwa na nchi za Afrika Oktoba 2009, unazitaka serikali zitunze hali hiyo ya kiraia mahali walipo waliohamishwa, na kuzuia makundi yenye silaha yasiingie. Bastola moja haiifanyi kambi kuwa ngome. Lakini inampa neno yule anayetafuta sababu ya kuwasaka, kuwapiga au kuwafukuza. Mmekwisha kusikia maneno ya namna hiyo juu ya kambi zenu.

Basi itolewe wapi? Hapa tunasema kwa uangalifu, kwa sababu mahali hapafanani. Mpango wa serikali uitwao P-DDRCS, ulioundwa mwaka 2021, uliwekwa kwa ajili ya wapiganaji wanaotoka katika makundi. Baba wa familia mwenye bastola chini ya godoro si mpiganaji, naye anaogopa kuandikwa kama mpiganaji. Katika Kivu ya Kusini, MONUSCO ilimaliza kuondoka Juni 2024, kwa hiyo mlango uliozoeleka na wengi huko ulifungwa. Goma ilipochukuliwa na M23 Januari 2025, na Bukavu Februari iliyofuata, silaha nyingi na risasi ziliachwa njiani na katika mifereji, na watoto waliziokota. Mahali ambapo mamlaka imebadilika hivyo, anayebeba bastola mkononi kwenda kuisalimisha anaweza kupigwa risasi kabla hajafungua kinywa.

Kwa hiyo silaha ibaki pale ilipo, na neno ndilo liende. Mwenye nayo amwambie mtu mmoja anayemwamini: padri, mchungaji, imamu, mama kiongozi, au prezidenti wa kambi. Huyo asiende peke yake. Wawe wawili au watatu, wawaendee wanaofanya kazi ya kuondoa mabomu na risasi zisizolipuka, au shirika la ulinzi wa raia linalofika kambini, wawaulize njia inayofaa hapo na siku hiyo. Mambo matatu yapatanwe kabla: jina la mwenye nayo litatajwa au halitatajwa, nani atakuja kuichukua, na saa gani. Iwe mchana. Wakati wa kungoja, watoto wasilale katika hema hilo. Na kiongozi asikubali kamwe kuitunza kwake, hata kwa usiku mmoja, kwa sababu kesho yake itakuwa ni bastola yake.

Wako wanaouliza: tutapewa nini? Si swali baya. Msumbiji, baada ya vita vyao, Baraza la Kikristo lilianza mwaka 1995 mpango ulioongozwa na Askofu Dinis Sengulane, watu wakaleta silaha na kupewa majembe, baiskeli na cherehani. Chuma kilikatwa, na wasanii wakatengeneza viti na miti kwa vipande vya bunduki. Kwetu Katanga, katika miaka ya 2000, kuna watu wa kanisa waliotoa baiskeli kwa silaha. Tunaheshimu kazi hizo. Lakini sisi hatupendi bei ya fedha kwa kila bunduki, na tunasema hivyo hata mbele ya wafadhili. Bei ya fedha inaleta kwanza zile mbovu, zilizozungushwa skochi, na nzuri zinabaki nyumbani. Tena inampa kijana kazi ya kutafuta nyingine. Jembe au cherehani afadhali, na bora zaidi ni kitu cha safu nzima: taa ya jua karibu na vyoo, wanaume sita wa kuwasindikiza wanawake kwenye kuni, filimbi katika kila hema. Baba yule alishika bastola kwa sababu ya binti zake. Ukimwondolea bastola bila kugusa njia ya kuni, umemwachia hofu yake yote.

Tuongeze neno dogo juu ya watoto. Wanatengeneza bastola za vijiti na kuzizungusha skochi, kama walivyoona. Kwa mchana ni mchezo. Kwa jioni, askari aliyechoka hatofautishi kijiti na chuma. Msiwachape. Wapeni skochi hiyo wafungie mpira wa mifuko, wanajua sana kuutengeneza.

Baada ya mazungumzo haya hatutaondoka mara moja. Wawili wetu, mama mmoja na baba mmoja, watakaa kando, chini ya mti ule mkubwa, hadi saa kumi. Anayetaka kuuliza jambo aje peke yake au na rafiki. Hatuandiki majina. Asije na kitu chochote mkononi. Manyumbakumi tunawaomba mbaki hapa kidogo, tupange pamoja ni nani watakaosindikiza kuni kuanzia wiki hii.